Maziwa, udongo, miraa: namna ya kujua kama vitu vya kila siku vinapunguza nguvu ya dawa

Dawa inaweza kuwa halisi, ikawa imeandikwa na tabibu anayejua kazi yake, na ikamezwa kila siku bila kukosa, lakini bado isifanye kazi iliyokusudiwa. Sababu huenda isiwe katika dawa yenyewe. Huenda iko katika glasi ya maziwa iliyoiteremsha, kipande cha udongo kilichotafunwa dakika chache kabla, kidonge cha kiungulia kilichonunuliwa dukani, au chupa ya mizizi iliyoletwa na jirani kwa nia njema.

Wataalamu wa famasia huliita jambo hili mwingiliano wa dawa. Makala haya yanaeleza namna mwingiliano huo unavyotokea, vitu vya nyumbani vinavyojulikana kuusababisha, na hatua ambazo mgonjwa au mtu anayemtunza anaweza kuzifuata ili ajue kama dawa yake iko salama. Yameandikwa kwa kuwafikiria zaidi wasikilizaji wa Kiswahili wa Rwanda na Burundi, ambao mara nyingi hupokea dawa zenye maelezo ya Kifaransa au Kiingereza, na baadhi yao huzinunua ng'ambo ya mpaka.

Majina ya dawa tumeyaandika kwa matamshi ya Kiswahili. Kwenye boksi utayakuta kwa tahajia ya Kiingereza au Kifaransa, ambazo aghalabu hutofautiana kwa herufi moja tu mwishoni. Siprofloksasini, kwa mfano, huandikwa ciprofloxacin kwa Kiingereza na ciprofloxacine kwa Kifaransa. Dawa ni ile ile.

Dawa hushindwa kimyakimya

Dawa inapomdhuru mtu, mara nyingi yeye mwenyewe hujua: huwashwa, hutapika, au huvimba uso. Dawa inapopungukiwa nguvu hakuna dalili ya papo hapo. Mgonjwa wa malaria hupata nafuu siku ya tatu, kisha homa hurejea baada ya wiki mbili au tatu, naye hudhani ameumwa na mbu mwingine. Mwenye shinikizo la juu la damu hajisikii tofauti yoyote hadi siku anapopatwa na kiharusi. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi huendelea na shughuli zake huku virusi vikiongezeka katika damu na kujifunza kuikwepa dawa.

Hilo la mwisho lina madhara yanayovuka mlango wa nyumba moja. Vijidudu vinavyokutana na dawa kidogo isiyotosha kuviua hupata nafasi ya kujenga usugu, na usugu huo huweza kuhamia kwa mtu mwingine. Kwa sababu hiyo, swali la kama chai, maziwa au udongo vinaingilia dawa si udadisi wa watu wasio na kazi. Ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Dawa hukwama wapi

Kuna mahali patatu ambapo kitu cha kawaida kinaweza kuizuia dawa isifanye kazi yake.

Mahali pa kwanza ni tumboni na katika utumbo. Baadhi ya dawa hushikamana na madini kama kalsiamu, chuma, magnesiamu, alumini na zinki. Zikishashikamana huwa kama mzigo mkubwa usiopita mlangoni: haziingii katika damu, hutoka pamoja na choo. Hapa dawa ya tatizo mara nyingi ni rahisi, nayo ni kuachanisha nyakati.

Mahali pa pili ni katika ini. Ini lina vimeng'enya vinavyozivunjavunja dawa ili mwili uziondoe. Kuna vitu vinavyoviamsha vimeng'enya hivyo, navyo huivunja dawa upesi kupita kiasi. Vingine huvizuia, na dawa ikajaa mwilini hadi kiwango cha hatari. Hapa kuachanisha kwa saa chache hakusaidii, kwa kuwa athari hukaa kwa siku au wiki.

Mahali pa tatu ni pale vitu viwili vinapovutana, kila kimoja kikielekea upande wake. Dawa hushusha shinikizo la damu, chumvi nyingi hulipandisha. Dawa huifanya damu isigande, chakula fulani huupa mwili malighafi ya kuigandisha.

Maziwa, vidonge vya kiungulia na vidonge vya kuongeza damu

Maziwa na mtindi vina kalsiamu nyingi. Tetrasaiklini, moja ya antibiotiki za zamani ambazo bado zipo madukani, hupoteza takriban nusu ya kiasi kinachoingia mwilini, au hata zaidi, inapomezwa kwa maziwa. Siprofloksasini hupoteza karibu theluthi moja. Doksisaiklini huathirika kidogo zaidi na maziwa kuliko watu wengi wanavyofikiri, takriban sehemu moja kati ya tano, lakini huathirika vibaya na vidonge vya chuma.

Vidonge vya kutafuna vya kutuliza kiungulia, vile vyenye magnesiamu na alumini, ni vikali zaidi kuliko maziwa. Vikimezwa pamoja na siprofloksasini vinaweza kuzuia sehemu kubwa kabisa ya dawa isifike katika damu. Kanuni inayotumika ni kumeza siprofloksasini muda wa saa 2 kabla ya vitu hivyo, au muda wa saa 6 baada yake.

Kanuni hiyo hiyo inahusu dolutegraviri, dawa ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) liliithibitisha mwaka 2019 kuwa chaguo la kwanza katika tiba ya virusi vya Ukimwi, na ambayo sasa imo katika kidonge kimoja cha kila siku kinachotumiwa na watu wengi sana katika ukanda wetu. Kuna tofauti moja yenye manufaa: vidonge vya chuma au kalsiamu vinaweza kumezwa wakati mmoja na dolutegraviri iwapo vyote vinamezwa pamoja na chakula. Vidonge vya kiungulia vyenye magnesiamu au alumini havina ruhusa hiyo, lazima viachanishwe.

Mjamzito anayeishi na virusi ndiye anayehitaji kulijua hili kuliko wote, kwa sababu kliniki humpa dawa ya virusi na vidonge vya kuongeza damu katika ziara moja, naye huenda akavimeza vyote asubuhi akiwa hajala. Mpango rahisi ni kumeza vidonge vya chuma mchana, tuseme saa 7, na dolutegraviri usiku saa 3. Kwa kufanya hivyo kila dawa hupata njia yake.

Chai nayo ina neno lake. Tanini zilizomo katika majani ya chai huzuia chuma kisifyonzwe. Mtu aliyepewa vidonge vya kuongeza damu kisha akaviteremsha kwa chai ya rangi au ya maziwa hujipunguzia faida ya dawa yake. Maji yanatosha, na chai ingoje angalau saa moja.

Wagonjwa wa rovu au wa tezi iliyopoteza nguvu, wanaotumia levothairoksini, wana masharti magumu zaidi. Dawa hiyo humezwa kwa maji tupu, tumbo likiwa halina kitu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa. Kahawa huipunguza, soya huipunguza, na vidonge vya chuma au kalsiamu vinapaswa kukaa mbali nayo kwa muda wa saa 4.

Udongo unaoliwa

Katika masoko ya Afrika Mashariki huuzwa vipande vya udongo vya kutafuna. Kenya wengi huuita odowa, Tanzania huitwa pemba, na Uganda kuna emumbwa, udongo uliochanganywa na mitishamba. Wanunuzi wakubwa ni wajawazito, ambao pia ndio wanaopewa vidonge vingi zaidi.

Udongo wa aina hii hunasa vitu. Kaolini, ambayo ni udongo mweupe uliosafishwa, ilitumika kwa miaka mingi kama dawa ya kuhara kwa sababu ya sifa hiyo hiyo. Majaribio yalionyesha kuwa kaolini huzuia ufyonzwaji wa antibiotiki iitwayo linkomisini kwa kiasi kikubwa sana, na hupunguza pia ule wa klorokwini, dawa ya zamani ya malaria. Udongo wa sokoni haukupimwa wala kusafishwa, na kila machimbo yana madini yake, kwa hiyo haiwezekani kutoa kanuni moja ya saa kwa udongo wote. Kilicho hakika ni kwamba haufai kuliwa karibu na wakati wa dawa.

Hamu ya kula udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu. Mwanamke anayeona aibu kuitaja hamu hiyo kliniki hukosa mambo mawili: kupimwa damu, na kuambiwa jinsi ya kupanga dawa zake. Mhudumu wa afya amelisikia jambo hili mara nyingi. Hatashangaa.

Mafuta katika chakula: rafiki wa dawa hii, adui wa ile

Watu wengi wamezoea kuambiwa kwamba dawa humezwa baada ya kula. Si kanuni ya dawa zote.

Dawa mseto ya malaria ya artemeta na lumefantrini, maarufu kwa jina la kibiashara Coartem, inahitaji mafuta. Bila mafuta, lumefantrini huingia mwilini kwa shida. Ikimezwa pamoja na mlo wenye mafuta mengi, kiasi kinachoingia katika damu kinaweza kuongezeka mara 16. Habari njema ni kwamba mafuta yanayohitajika ni machache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulikadiria kuwa maziwa ya soya yasiyozidi mililita 36, yenye gramu 1.2 tu za mafuta, yalitosha kuleta takriban asilimia 90 ya faida yote. Mgonjwa asiye na hamu ya chakula halazimiki kula sahani ya pilau. Maziwa kidogo, uji uliotiwa karanga, au kipande cha parachichi vinamtosha.

Kwamba maelezo haya yana thamani kulidhihirika Mbarara, magharibi mwa Uganda, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005. Wagonjwa waliopewa dawa hiyo wakaimeze nyumbani, baada ya kuelezwa vizuri namna ya kuitumia, walipona sawasawa na wale waliosimamiwa katika kila dozi hospitalini. Katika makundi yote mawili waliopona walizidi asilimia 95. Maneno machache yaliyosemwa vizuri dirishani yalifanya kazi ya msimamizi.

Dawa nyingine ya malaria, ile yenye piperakwini, ina tabia tofauti kabisa. Haipaswi kumezwa pamoja na mlo wa mafuta mengi, kwa kuwa mafuta hupandisha kiwango chake katika damu na yanaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mgonjwa aliyezoea Coartem akahamia dawa hiyo bila kuelezwa anaweza kuendelea na desturi ya zamani na kujitia hatarini.

Rifampisini, nguzo ya tiba ya kifua kikuu, hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu: saa moja kabla ya kula au muda wa saa 2 baada ya kula.

Vidonge vya foliki na kinga ya malaria kwa wajawazito

Kenya, Tanzania, Uganda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huwapa wajawazito sulfadoksini-pirimethamini ili kuwakinga na malaria. Rwanda iliacha utaratibu huo mwaka 2008, lakini mwanamke anayevuka mpaka kwenda kuishi kwa ndugu, au aliyeanza kliniki upande wa pili, anaweza kukutana nao.

Dawa hiyo huua vimelea kwa kuvinyima foleti. Asidi ya foliki ikitolewa kwa wingi hufanya kinyume chake, yaani huvilisha. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa wajawazito waliomeza miligramu 5 za asidi ya foliki kila siku walishindwa na tiba mara nyingi zaidi kuliko wale waliopewa miligramu 0.4 au ambao hawakupewa kabisa. WHO hupendekeza kiwango cha chini, miligramu 0.4 kwa siku.

Hapa jambo la kukagua ni namba iliyo kwenye boksi. Vidonge vya miligramu 5 na vya miligramu 0.4 vyote huuzwa kwa jina moja. Mama asiache foliki, kwa kuwa mtoto aliye tumboni anaihitaji. Aulize kama kiwango alichopewa kinapatana na kinga ya malaria aliyopewa.

Miraa, balungi na majani ya mboga

Miraa, zao halali nchini Kenya linalopigwa marufuku katika baadhi ya nchi jirani, limechunguzwa nchini Yemeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulibaini kuwa kutafuna miraa hupunguza kiasi cha ampisilini kinachoingia mwilini. Amoksilini iliathirika pale tu ilipomezwa katikati ya kutafuna. Watafiti walishauri dawa zote mbili zimezwe muda wa saa 2 baada ya kumaliza kutafuna.

Balungi ni tunda lenye hadithi ya pekee. Mwaka 1989 watafiti nchini Kanada, wakiongozwa na David Bailey, walitumia maji ya balungi kuficha ladha ya pombe katika jaribio la dawa ya shinikizo la damu, felodipini. Wakashangaa kuona kiwango cha dawa katika damu kimepanda kuliko ilivyotarajiwa. Sasa inajulikana kuwa balungi huzuia kimeng'enya kinachozivunja dawa kadhaa, zikiwemo felodipini, nifedipini na simvastatini ya kushusha lehemu. Athari hiyo hudumu zaidi ya siku moja, kwa hiyo kula balungi asubuhi na kumeza dawa usiku hakuleti usalama. Machungwa matamu ya kawaida hayana tatizo hilo kwa dawa hizi.

Majani mabichi ya kijani, kama mchicha, sukuma wiki na kisamvu, ambacho kwetu ni sombe, yana vitamini K, ambayo mwili huitumia kugandisha damu. Warfarini, inayotolewa kwa watu waliowekewa vali za moyo au wenye damu inayoganda ovyo, hufanya kazi kwa kuipinga vitamini hiyo. Wagonjwa wengine wakilisikia hili huacha mboga kabisa, na hilo ni kosa la pili. Daktari hupanga dozi kulingana na mlo wa kawaida wa mtu. Kinacholeta hatari ni mabadiliko ya ghafla: wiki nzima bila mboga, kisha wiki nzima ya sombe kila siku. Mtu ale mboga kwa kiasi kisichobadilika sana, na ahudhurie kipimo cha kuganda kwa damu kama alivyopangiwa.

Dawa za maumivu na dawa za asili

Ibuprofeni na diklofenaki huuzwa kila mahali, na wengi hawazihesabu kuwa dawa. Zikitumiwa siku nyingi hufanya mwili ushike chumvi na maji, zikapandisha shinikizo la damu na kudhoofisha dawa nyingi zinazolishusha. Pamoja na baadhi ya dawa hizo zinaweza pia kuumiza figo. Mzee anayelalamikia magoti na ambaye shinikizo lake halishuki licha ya kuongezewa vidonge anapaswa kuulizwa anatumia nini kwa ajili ya magoti. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli katika kiwango sahihi huwa salama zaidi kwake.

Kuhusu mitishamba, ugumu ni kwamba michache imepimwa pamoja na dawa za hospitalini. Mmoja uliopimwa sana ni hypericum, ambao huuzwa Ulaya bila cheti cha daktari kama dawa ya huzuni, na kwa Kifaransa huitwa millepertuis. Huamsha vimeng'enya vya ini na kupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, warfarini na dawa kadhaa za virusi vya Ukimwi. Jamaa walioko Ubelgiji au Ufaransa hutuma vifurushi vyenye virutubisho vya namna hii kwa upendo, na ni vema kusoma jina la mmea kabla ya kufungua chupa.

Kwa mizizi na magome ya nyumbani kanuni ya busara ni moja: mweleze tabibu jina la mmea kwa lugha yoyote unayoijua, au umpelekee kipande. Kutojulikana kwa madhara hakumaanishi kwamba hayapo.

Hatua tano za kukagua

Hatua ya kwanza ni kujua jina halisi la dawa. Kila boksi lina majina mawili: la kibiashara, lililoandikwa kwa herufi kubwa, na la kiambato chenyewe, ambalo huandikwa kwa herufi ndogo chini yake. WHO ilianza kutoa orodha ya majina ya kimataifa ya viambato mwaka 1953, na ndiyo sababu jina hilo linatambulika Goma, Bujumbura, Kigoma na Kigali. Jina la kibiashara hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Mtu aliyenunua boksi Bukavu na jingine Rusizi anaweza kujikuta anameza dawa moja mara mbili akidhani ni mbili tofauti.

Hatua ya pili ni kuandika kila kitu kinachoingia mwilini kwa siku saba: vidonge, sharubati, virutubisho, mitishamba, udongo, miraa, pombe, na vinywaji vinavyoteremshia dawa, pamoja na saa ya kila kimoja. Kwa mzee asiyesoma, mjukuu anaweza kuiandika orodha hiyo.

Hatua ya tatu ni kusoma karatasi iliyo ndani ya boksi. Neno la kutafuta huandikwa vivyo hivyo kwa Kiingereza na Kifaransa: interactions. Chini yake ndipo zilipo dawa na vyakula vinavyogongana na dawa hiyo. Ikiwa huisomi lugha hiyo, usiitupe karatasi. Ipeleke kwa mfamasia akutafsirie sehemu hiyo.

Hatua ya nne ni kuuliza swali mahususi. Swali la jumla, kama vile dawa hii ina madhara gani, hupata jibu la jumla. Ni bora kusema: “Daktari, mimi hunywa maziwa kila asubuhi na natumia vidonge vya kuongeza damu. Dawa hii niitenganishe navyo kwa saa ngapi?” Kuuliza si ujinga, na mfamasia aliyesomea kazi hiyo hulitarajia swali kama hilo. Kwa dawa za virusi vya Ukimwi, wahudumu wanaweza pia kutazama orodha ya mwingiliano inayotolewa bila malipo mtandaoni na Chuo Kikuu cha Liverpool cha Uingereza.

Hatua ya tano ni kupima. Kwa kuwa mwili hausemi, vipimo ndivyo vinavyosema: wingi wa virusi, shinikizo la damu, sukari, kuganda kwa damu. Kipimo kikiwa kibaya ilhali dawa inamezwa ipasavyo, irudie orodha ya siku saba mbele ya tabibu kabla dozi haijaongezwa.

Katika mwezi wa Ramadhani

Katika mitaa kama Buyenzi jijini Bujumbura na Nyamirambo jijini Kigali, ambako Kiswahili kina mizizi ya tangu zamani, Ramadhani hubadili ratiba ya dawa. Yaliyokuwa yametawanyika kutwa nzima hukusanyika katika saa chache za usiku. Wakati wa kufuturu, tende, maziwa, uji, chai na vidonge vyote hufika tumboni kwa pamoja.

Mwenye dawa ya mara moja kwa siku kwa kawaida anaweza kupangiwa saa isiyogongana na maziwa wala vidonge vya chuma, baina ya futari na daku. Mwenye dawa ya mara tatu au nne kwa siku ana tatizo kubwa zaidi, na pengine kuna dawa nyingine inayotosheleza kwa dozi moja au mbili. Mazungumzo hayo yafanyike kabla ya mwezi kuandama. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na kuruka dozi kwa siri hakumpi afya.

Hofu zisizo na msingi

Si kila kinachosemwa mtaani ni kweli. Inaaminika na wengi kwamba antibiotiki yoyote hubatilisha vidonge vya uzazi wa mpango. Antibiotiki za kawaida kama amoksilini hazifanyi hivyo, isipokuwa mgonjwa akitapika au akiharisha sana. Rifampisini ndiyo inayofanya hivyo kweli, na hudhoofisha pia vipandikizi. Mwanamke anayetibiwa kifua kikuu ajadili njia nyingine: kitanzi na sindano ya miezi mitatu haziathiriwi nayo. Rifampisini hupunguza pia dolutegraviri, na ndiyo sababu mgonjwa mwenye magonjwa yote mawili huongezewa dozi ya pili ya dolutegraviri kwa siku. Dozi hiyo si kosa la mwandishi wa cheti, wala haipaswi kuachwa.

Vilevile viungo vya kupikia, vitunguu saumu na tangawizi katika kiasi cha mchuzi, havipaswi kumtia mtu hofu. Mambo hubadilika pale vinapokuwa vidonge au dozi nzito za kila siku.

Unapogundua mgongano

La kwanza ni kutoacha dawa. Mtu anayeacha dawa ya virusi, ya kifafa au ya moyo kwa sababu amesoma kuhusu maziwa hujidhuru kuliko maziwa yenyewe. Endelea na dozi, kisogeze mbali kile kitu cha kila siku kama mwingiliano ni wa tumboni, na uende kituo cha afya mapema.

La pili ni kutoa taarifa. Rwanda ina Mamlaka ya Chakula na Dawa, inayojulikana kama Rwanda FDA. Burundi ina ABREMA, Tanzania ina TMDA, Uganda ina NDA, na Kenya ina Bodi ya Famasia na Sumu. Mamlaka hizi hupokea taarifa za dawa zinazoshindwa kufanya kazi au zinazoleta madhara, na kituo cha afya kinaweza kuiwasilisha taarifa hiyo kwa niaba ya mgonjwa. Hifadhi boksi lenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, pamoja na jina la mahali iliponunuliwa.

Maelezo haya ni mwongozo wa jumla, na hayachukui nafasi ya ushauri wa tabibu anayemjua mgonjwa. Homa inayorejea baada ya dawa ya malaria, kutokwa damu kusikokoma, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au kuzimia ni mambo ya kumfikisha mgonjwa hospitalini siku hiyo hiyo, akiwa na dawa zake zote mkononi.